Kipakatalishi kinachochemka: kukisafisha au kununua kingine? Uzoefu wangu Nairobi

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo kalenda yangu inaendeshwa na tarehe mbili za kila mwezi: tarehe 9, ambapo kodi ya mishahara ya wafanyakazi inapaswa kuwa imewasilishwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na tarehe 20, ambayo ni ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kipakatalishi ninachokitumia ni cha aina ya maofisini, cha mwaka 2016, chenye prosesa ya Intel Core i5-6300U na ramu ya GB 8. Nilikinunua kikiwa kimekwisha kutumika Uingereza, miongoni mwa vile ambavyo wauzaji wa Moi Avenue huviita Ex-UK, na kwa muda mrefu hakikunipa sababu ya kulalamika.

Kisha kikaanza kuchemka. Feni ilivuma tangu dakika ya kwanza ya kuwashwa, upande wa kushoto wa kibodi ukawa na joto la kuudhi vidole, na faili za Excel zilizokuwa zikifunguka mara moja zikawa zinakwama katikati ya safu. Mwishowe kikawa kinajizima ghafla, bila onyo wala ujumbe wowote, na mara nyingi wakati ambapo nilikuwa nimefungua iTax, mfumo wa KRA wa kuwasilisha kodi mtandaoni, pamoja na vitabu vya wateja wawili watatu kwa mpigo.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikigusa kwa kiganja, akakitikisa kidogo, akatoa hukumu kwamba bodi imekwisha na kwamba pesa ya matengenezo ni pesa ya kutupa. Hakufungua hata skrubu moja. Nyuma yake palikuwa na rafu iliyojaa vipakatalishi vya kuuza, jambo ambalo huenda halihusiani na hukumu yake.

Kabla ya kumwamini nilitaka kuona namba. Ipo programu ya bure iitwayo HWiNFO inayoonyesha joto la prosesa, kasi yake na mzunguko wa feni, na ukiifungua sambamba na Task Manager unapata picha kamili, kwa kuwa moja inakuonyesha joto na nyingine inakuonyesha ni kazi kiasi gani inayofanyika. Changu kilikuwa kwenye nyuzi 70 na kitu za Selsiasi wakati prosesa ikitumika kwa asilimia 10 tu, na mara nilipofungua kitabu kikubwa cha hesabu joto lilipanda hadi 98, kisha kasi, ambayo kwa kawaida ni GHz 2.4 au zaidi, ikaporomoka chini ya 1. Prosesa hii imewekewa kikomo cha nyuzi 100. Ikikikaribia hupunguza kasi yenyewe ili ijiokoe, na hali ikizidi hapo mashine huzimika kabisa, na ndiyo maana kujizima kwa ghafla namna hii mara nyingi si virusi wala si kosa la Windows.

Jambo lililonisaidia zaidi katika namba hizo ni uhusiano kati ya joto na kazi. Kama joto lingekuwa juu wakati wa kazi nzito pekee, ningezikagua programu, maana kivinjari chenye vichupo vingi au kinga-virusi mbili zinazoshindana zinaweza kuichosha prosesa yoyote. Lakini joto kubwa kwenye kazi ndogo maana yake ni kwamba joto linazalishwa kwa kiasi cha kawaida, ila halina pa kutokea. Nilijaribu pia kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, hatua inayozuia prosesa isipandishe kasi kuliko ile ya msingi. Joto lilishuka kidogo na kipakatalishi kikaacha kujizima, lakini feni iliendelea kuvuma vilevile. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu, inayofaa kwa mtu ambaye kesho ni tarehe 20.

Fundi wa pili nilielekezwa na mteja wangu mmoja, na kibanda chake kipo ghorofani kwenye jengo moja la Luthuli Avenue. Nilimpenda kwa jambo moja: alikubali kufanya kazi nikiwa nimeketi mbele yake. Alitoa kifuniko cha chini, akachomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine, akaikagua kama imevimba, kisha akaifungua feni. Kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto palikuwa na tandiko la vumbi la kijivu, limeshikamana barabara, na alipolishika kwa kibano lilitoka likiwa kipande kimoja chenye urefu wa mlango wenyewe wa hewa. "Mama, hii mashine haijafa," aliniambia, "imezibwa pumzi tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kupuliza hewa kwa nje, kazi ambayo vibanda vingi huifanya kwa dakika tano na kuitoza kama usafishaji kamili, hakusaidii sana. Vumbi la namna hiyo limekaa upande wa ndani wa vibati, na ukipuliza bila kuitoa feni unalisogeza tu, tena unaweza kuiharibu feni kwa kuizungusha kwa kasi isiyoundiwa. Kwetu Mwiki, ambako barabara nyingi bado ni za murram na kila ploti ya tatu inajengwa, vumbi la Januari na Februari huingia hata kwenye kabati lililofungwa.

Pesti, ule mchanganyiko laini wa kupitisha joto, iliyokuwa kati ya prosesa na bomba la shaba la kupitisha joto ilikuwa imekauka na kuwa na nyufa. Fundi aliifuta kwa spiriti ya isopropili hadi uso wa prosesa ukang'aa, akaweka tone jipya la ukubwa wa punje ya mchele, akarudisha bomba na kukaza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizochapwa kando yake. Kazi yote ilinigharimu shilingi 1,500, nikamlipa kwa M-Pesa, naye akanipa dhamana ya mwezi mmoja niliyomlazimisha aiandike kwenye risiti, kwa sababu risiti yenyewe hakuwa na mpango wa kuitoa. Wakati wa kurudisha kifuniko alivunja kishikizo kimoja cha plastiki pembeni, na nilipomwonyesha akasema haina neno. Kwa upande wa joto kweli haina neno, lakini kona hiyo sasa inabonyea kila ninapokibeba.

Matokeo niliyapima kwa programu ileile na kwa faili zilezile. Kikiwa kimepumzika husimama kwenye nyuzi 45 hadi 50, na kwenye kazi nzito hakivuki 82. Tangu hapo hakijajizima.

Kwa hiyo swali la kununua kingine halikuamuliwa na joto, ingawa joto ndilo lililonifanya niulize. Liliamuliwa na Windows. Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hairuhusiwi rasmi kwenye prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Changu ni cha kizazi cha 6. Mtu anayetazama filamu pekee anaweza kuishi na hali hiyo, lakini mimi ninabeba nywila za iTax za watu walioniamini, na kuziweka kwenye mashine isiyopata viraka vya usalama ni jambo nisiloweza kumweleza mteja yeyote. Bahati nzuri ni kwamba upo mpango wa masasisho ya ziada ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha, nami nimejiandikisha. Linux, mfumo mwingine unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, niliifikiria, ila fomu za marejesho ninazozijaza kwenye Excel zina makro, yaani amri za kujiendesha ambazo huenda zisifanye kazi huko, na sitaki kuzifanyia majaribio usiku wa tarehe 19.

Uamuzi wangu basi ni kubaki na hiki hadi muda huo uishe, huku nikiweka akiba ya kununua Ex-UK nyingine ya kizazi cha 8 au zaidi yenye ramu ya GB 16, kwa kuwa kipya chenye uwezo huo kiko nje ya bajeti yangu. Anayenunua sasa asome namba ya prosesa yenyewe na kuachana na kibandiko. Kwa prosesa za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-6300U ni ya kizazi cha 6 na i5-8350U ni ya 8. Nimeonyeshwa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zikiwa na Windows 11 iliyoingizwa kwa njia ya mzunguko, na Microsoft haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine za namna hiyo.

Nitakapokwenda kununua nitakuwa na HWiNFO kwenye flashi, na nitaomba mashine iachwe ikifanya kazi nzito kwa nusu saa nikiitazama. Nitaandika pia amri ya powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti ya uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo iliobaki nao leo. Hiki changu kikianza kupita nyuzi 60 kikiwa kimepumzika, au feni ikianza kukwaruza, nitakirudisha Luthuli kwa pesti au spea ya feni. Betri ikivimba na kuinua kibodi, sitangoja Oktoba.