Kliniki ya meno Mwanga, Kigoma: wanasikiliza mtu
Kama fizi zinakutoka damu kila ukipiga mswaki nendeni hii kliniki ya meno pale Mwanga, kiukweli nimeridhika. Sehemu nyingine nilikopita kabla walikuwa wanataka kung'oa tu, hawaangalii hata fizi. Hapa dokta alipima kila jino kwa kile kichuma chembamba chenye alama za milimita, anakichomeka taratibu kati ya fizi na jino huku anataja namba nesi anaandika, na kwenye magego ya nyuma namba zilikuwa kubwa yani, maana yake fizi zimeachana na jino.

Nilichopenda zaidi ni maelezo. Nikamuuliza mbona nasafisha na bado fizi zinavimba, akasema bakteria wa kwenye ukoga ndo chanzo kikubwa, ila kuna watafiti kama Jørgen Slots wa Marekani tangu miaka ya 1990 wanasema virusi jamii ya herpesi, mfano Epstein-Barr na saitomegalovirusi, navyo vinakutwa kwenye fizi zilizooza, vinapunguza kinga ya pale pale na bakteria wanapata mwanya. Akanyoosha kabisa, bado haijathibitishwa kwamba ndo vinasababisha, kwa hiyo hakuniandikia dawa ya virusi. Dokta wa hivyo namwamini.

Alikwangua ukoga mpaka chini ya fizi kwa ganzi, damu imepungua sana. Foleni tu ndo ndefu hasa Jumatatu, watu wa Ujiji na Kasulu wahini asubuhi.