Silandri za MGB yangu zilikuwa zinavuja, ateliye ya verini ya Kampemba ikazirudisha

Bandugu wenye munapenda magari ya zamani hapa Lubumbashi, leo niwaambie juu ya ateliye moja iko mu Kampemba, kartiye Endistriyeli, wale wenye kazi yao ya kila siku ni kutengeneza verini (silandri kubwa za mafuta zenye zinainua na kusukuma vitu vizito) za makaterpila na makamyo ya mine. Mimi niliwapelekea MGB. Ndiyo, ile ya Waingereza, ya mwaka 1969, viti viwili, injini 1800, yenye baba mudogo alinunuaka kule Kitwe kwa Muingereza mwenye alikuwa anarudi kwao, kisha akaniachia mimi. Hii gari ninaipenda kweli, na ndiyo maana ninaandika kirefu.

Shida ilianza ku pedali ya ambriyaje (klachi). Kila asubuhi pedali inashuka mpaka chini, unapampa mara tatu ine ndio vitesi inaingia. Niliinua kapeti, nikakuta imelowa, na rangi ya chuma kule juu ya pedali imevimba inatoka kama ganda, juu mafuta ya freni inakula rangi, haina huruma. Kisha nyuma, pinè ya kuume, ndani yake iko na mistari ya mafuta. Pale njo niliogopa. MGB ya ile miaka, yenye haikuendaka Marekani, iko na sirkwi moja tu ya freni: metre silandri moja (ile inasukuma mafuta ukikanyaga pedali), mafuta moja kwa pinè zote ine. Silandri moja ya nyuma ikiachia, pedali yote inaenda, unabakia na freni ya mukono ya kamba. Wazia uko njia ya Kasumbalesa, nyuma yako lori imebeba shaba.

Kwanza nilienda ku garaji moja, sitataja, na pale waliniharibia zaidi. Kijana alikuta mafuta ya freni imepunguka ku kopo yake, akatia mafuta ya direksio (ya usukani), eti yote ni mafuta. Hapana! Mipira ya hizi silandri imetengenezwa kwa mafuta ya freni, ile DOT 3 ao DOT 4, na mafuta ya injini, ya direksio, hata grisi ya kawaida, inaivimbisha. Siku ya ine pedali ilikamata haitaki kurudi, tamburi (ngoma za freni) za nyuma zikapata moto, harufu ikaingia mpaka ndani ya gari. Niliivuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Muzee mmoja tunafanya naye kazi njo alinionyesha Kampemba. Nilifika na silandri zote mu katoni: metre silandri ya freni, ile ya ambriyaje, ile ndogo ya chini ku bwate ya vitesi, na mbili za pinè za nyuma. Fundi mukubwa wa pale, papa wa miaka sitini hivi, hakuniuliza bei nitalipa ngapi, alichukua ya kwanza, akaivua kampira ka vumbi, mafuta nyeusi ikamwagika ku meza kama chai ya jana. Akaipanguza, akaenda nayo ku mulango penye mwangaza, akaingiza katorshi ndani. Kisha akaniita: "Papa, kuya utie ukucha." Nilipitisha ukucha ndani ya silandri na ukakwama, tak, tak, matundu madogo ya kutu yamejipanga pale penye pistoni inapumzika. Akasema nikikutilia mipira mupya hapa ndani, mwezi mbili utarudi, ile kutu itaikata.

Ile neno ni kubwa sana kwangu. Batu wengi wanauza seti ya mipira na wanakuachia uende. Yeye alinieleza kutu inatoka wapi: mafuta ya freni inavuta maji ya hewa polepole, na sisi huku masika inaanza mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, gari imesimama mu garaji, maji inashuka chini ya silandri inakula chuma. Na DOT 4 mupya inachemka ku digri 230, lakini ikisha kunywa maji inashuka mpaka kama 155. Kwa hiyo kila miaka mbili unabadilisha, hata kama gari haitembei.

Tukapatana hivi. Zile mbili za nyuma tunanunua mupya, sababu ni za bei ndogo na zimeoza kabisa, ndugu yangu alizituma toka Afrika Kusini. Zingine tatu wanatia shemizi ya inoksi (chuma chenye hakipati kutu). Hapa njo ile ateliye iko na nguvu. Wanapanua ndani ku turu (mashini ya kuchonga chuma), wanaingiza bomba nyembamba ya inoksi, kisha wanaisugua mpaka inarudia kipimo cha zamani, inakuwa kama kioo. Na kuna kitu kimoja kidogo sana chenye wengine wanasahau: metre silandri iko na katundu kadogo kama sindano, kenye kanarudisha mafuta ku kopo ukiachia pedali. Ukitia shemizi, katundu kanafungwa, lazima utoboe tena pale pale, na ukingo wa ndani uulainishe, ao mupira utakatika kila ukikanyaga, na kama hakuko pale freni itabaki imekamata. Papa alikatoboa, akalainisha, kisha akapuliza hewa mbele yangu ili nione inapita.

Mipira na pistoni aliviloweka mu mafuta ya freni safi mbele ya kuviingiza, na ile ya direksio waliitoa yote, tiyo zote wakaziosha kwa alkoli, flexible za mpira wakatupa wakatia mupya. Kazi ya kurudisha silandri za nyuma ilikuwa ngumu, juu MGB inazishika kwa kaklipi kamoja nyuma ya plati, kanaruka, walikatafuta chini ya etabli saa nzima, lakini hawakutia fil de fer (waya) pahali pake, walingojea mpaka kakapatikana.

Sasa vyenye havikunifurahisha, lazima niseme. Walisema wiki moja, ikawa wiki tatu, kila nikipiga simu kazi ya mine njo imepita mbele. Ninaelewa, lakini waseme. Na wakati wa kutoa hewa ku freni, kijana alidondosha mafuta ku eli (ubavu wa gari juu ya pinè) ya mbele, hakumwagia maji mbio, asubuhi yake rangi ilikuwa imeinuka kadoa kama sarafu. Nilihuzunika kabisa. Papa alikubali kosa, akanipunguzia dola 30 ku fakitire, nikalipa 240 kwa yote, bila zile silandri mbili.

Leo masika nzima imepita tangu ile kazi. Nilitandika karatasi za katoni chini ya kila pinè usiku, asubuhi kavu. Ukikanyaga pedali na kushikilia haizami hata kidogo, na vitesi ya kwanza inaingia mara moja, kitu chenye sikukisikia tangu baba mudogo alikuwa anaendesha.

Mukienda, toeni silandri wenyewe nyumbani na muende asubuhi mbele ya saa tatu, kisha pale kelele ni mingi na papa anashugulika na verini. Pelekeni na pistoni za zamani, msizitupe, anapima kwazo. Na mutie nguo juu ya maeli.