Kamusi ya mtumba niliyoipima kwa neno "school"

Kamusi hii ya Kiingereza inayoeleza maana na asili ya maneno niliinunua kwa shilingi 700 kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba karibu na Barabara ya Tom Mboya. Muuzaji hakunihimiza, alinisogezea kigoda, akaniambia, "Mwalimu, soma kwanza, bei tutaelewana." Nikafungua neno "school".

Nilitaka kuona kama itayatenganisha maneno mawili yanayofanana kwa sura, na kwa hakika imeyatenganisha. Kidahizo cha kwanza, yaani neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi, ni cha mahali pa kusomea, nacho kinafuatiliwa hadi Kigiriki, ambako "skhole" lilikuwa na maana ya wasaa, yaani muda ambao mtu hakubanwa na kazi. Wasaa huo ukatumiwa kwa mijadala ya kielimu, kisha jina likahamia mahali penyewe, likapita Kilatini na kufika Uingereza. Waingereza wa kale waliandika "scol", bila "h", na herufi hiyo ikaongezwa baadaye kwa kuiga tahajia ya Kilatini. Wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka kwa nini herufi hiyo huandikwa lakini haisikiki, na sasa nina jibu la kuwapa.

Kidahizo cha pili ni cha kundi la samaki, nalo halina nasaba na Wagiriki, kwani limetoka katika Kiholanzi cha Enzi za Kati kwa maana ya kundi au umati. Kamusi ndogo niliyoitegemea awali iliyachanganya yote mawili chini ya kidahizo kimoja, nami kwa miaka mingi nikafundisha kwamba samaki hao wameitwa hivyo kwa kuwa huogelea pamoja kama darasa. Kosa hilo linaniuma, maana waliolisikia kwangu wamekwisha kumaliza masomo.

Upungufu wake ni kwamba inakomea Ulaya. Haisemi kuwa "shule" yetu ni jamaa wa neno hilohilo, iliyotufikia kupitia Kijerumani, ilhali "skuli" ya Zanzibar imetokana na Kiingereza chenyewe. Msomaji wa Kiswahili analazimika kuuunga ukoo huo mwenyewe. Maandishi nayo ni madogo mno, na kurasa za mwisho za herufi Z zimechanika.

Hata hivyo, nimemwomba muuzaji anitafutie nakala mbili zaidi za toleo hilihili kwa ajili ya kabati la darasa.