Ziara ya makaburi ya Glasnevin, Dublin: nilimfuata Maud Gonne

Ukipita Dublin, lipia ziara ya kutembezwa kwenye makaburi ya Glasnevin. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja tu, Maud Gonne, mwanamke aliyepigania uhuru wa Ireland, na nilitoka nimeridhika kabisa.

Wengi wanamjua kama mwanamke aliyemliza mshairi W. B. Yeats. Mwongozaji wetu hakuanzia huko, na hapo ndipo aliponikuna. Alianza na binti wa ofisa wa jeshi la Uingereza aliyewageuka watu wake baada ya kuona wapangaji maskini wa Ireland wakitupwa nje ya nyumba zao. Vyama vya wazalendo vilipowafungia wanawake mlango, mwaka 1900 akaanzisha cha kwao. Mwaka 1918 Waingereza wakamfunga gereza la Holloway, London. Mwaka 1923 akafungwa tena, safari hii na serikali ya Ireland yenyewe, akagoma kula. Na Yeats wakati huo alikuwa seneta wa dola hiyohiyo!

Ndipo zikaja habari za posa. Yeats alikutana naye 1889, akamposa 1891, akakataliwa. Akaposa tena na tena, hadi 1916, miezi michache tu baada ya Waingereza kumpiga risasi John MacBride, mume wa Maud waliyekuwa wameshatengana, kwa kushiriki uasi wa Pasaka, ule wa kudai uhuru wa Ireland. Jibu halikubadilika. Huyu mama namtetea: urafiki alimpa, na kuhusu ndoa hakumficha kitu. Yeats naye namheshimu, maana uchungu ule aliutolea mashairi yanayosomwa mpaka leo.

Kaburi liko upande wa wapigania uhuru, na halina makuu. Humo amezikwa pia mwanawe, Seán MacBride, ambaye miaka ya 1970 alikuwa Kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa Namibia. Ziara ina marehemu wengi wa kuwapitia, kwa hiyo ilipokwisha nilirudi pale peke yangu nikakaa nitakavyo. Nanyi fanyeni hivyo.

Yeats hamtamkuta hapo. Alifia Ufaransa 1939, na mwaka 1948 mwili ukaletwa kuzikwa Drumcliff, Sligo. Waziri wa mambo ya nje aliyeshughulikia kurudishwa kwake alikuwa Seán, mtoto wa yule aliyemkataa. Sligo ni mbali, itengee siku yake. Na Glasnevin vaa viatu vya kutembelea, ubebe na koti la mvua.