Gari la kuvuta tela la korosho: lipi ununue ukiwa kusini mwa Tanzania

Magunia 15 ya korosho ghafi, ukihesabu kilo 80 kwa gunia, ni kilo 1,200. Jumlisha uzito wa tela lenyewe, kilo 450 hadi 500, unakaribia kilo 1,700. Tafuta gari huku hesabu hiyo iko kichwani, maana ndiyo litakayoivuta kwenye mchanga wa Tandahimba, kwenye mpando wa kuingia Newala kutokea Masasi na, mvua zikianza, kwenye tope la njia ya Liwale.

Wanunuzi wengi huulizia spidi na ukubwa wa injini. Kinachovuta tela ni toki ya chini, yaani nguvu inayotoka injini ikizunguka polepole, mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Halafu uzito wa gari, rejeta na breki. Gari jepesi likibeba tela zito nyuma yake, mteremkoni tela ndilo linaloliendesha.

Tena liwe na gia nzito, ile inayoandikwa 4L. RAV4, Vanguard na Harrier hazina. Ni kweli matairi ya nyuma nayo yanapata nguvu, lakini kwenye mchanga mrefu mfumo wake hupata moto na kuacha kuyasukuma, na unabaki na magurudumu mawili yanayochimba. Usizinunue kwa kazi hii, hata kwa bei ya kutupa.

1. Land Cruiser 79, pikapu, injini 1HZ

Dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Toki yake ni Nm (kipimo cha toki) 285 tu, na kwa tarakimu hizo inazidiwa na zote mbili zinazofuata. Bado ndiyo ya kwanza. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, kwa hiyo dizeli ya dumu isiyo safi sana haitailaza njiani kama zinavyolala injini za nozeli za umeme. Ni nzito, chesisi yake ni pana, na karibu kila fundi wa kusini ameshaifungua. Mpandoni itapanda taratibu kwa gia ya pili, na itafika.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Angalizo kwa wanaoagiza Japani: 79 zilizouzwa huko 2014 na 2015 ni za petroli, lita 4.0. Zina nguvu nzuri, lakini zitakunywa faida yote ya msimu.

2. Toyota Hilux ya dizeli, lita 3.0 au 2.8

Ile ya 3.0, injini 1KD, ina Nm 343, ya 2.8 iliyoanza 2015 ina Nm 420 kwa gia za mkono na 450 kwa otomatiki. Kati ya 2004 na 2017 Hilux haikuuzwa Japani, kwa hiyo nyingi za miaka hiyo zimetoka nchi nyingine au kwenye miradi na ofisi. Dai historia ya sevisi.

Ugonjwa wa 1KD lazima uujue kabla hujatoa pesa. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba, yaani pete ndogo ya kuzibia. Ikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuingia kwenye oili, oili inashika masizi mazito, na masizi hayo yanaziba chujio la waya lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili haipandi tena ya kutosha. Turbo inakufa kwanza, kisha injini inakamata, na mara nyingi inatokea mpandoni ukiwa na mzigo. Mwambie fundi afungue sampu, apige tochi kwenye hilo chujio. Likiwa na ukoko mweusi kama masizi ya sufuria, ama bei ishuke kwa gharama ya washa zote na usafishaji, ama uachane nalo. Kazi hiyo ni ya saa chache, injini nyingine ni mamilioni.

3. Isuzu D-Max 3.0

Injini 4JJ1, Nm 380 kwa toleo la kuanzia 2012, na badala ya mkanda ina cheni ya taimingi. Kwa kuvuta tu, ingeweza kukaa ya pili. Kinachoishusha ni spea: ukiwa Nachingwea au Ruangwa, spea ya Hilux utaipata haraka kuliko ya D-Max.

4. Prado ya 1KZ, lita 3.0

Ni ya mzigo mwepesi, magunia manane hivi. Injini hii ikizidi moto, silinda hedi hupasuka. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame maji. Mapovu yakipanda mfululizo, funga boneti uage.

Kabla ya kulipa

Vuta handibreki, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi. Injini izimike palepale. Ikiendelea kuunguruma, klachi imekwisha. Kisha ingia chini na nyundo ndogo. Gari lililokaa Mikindani au Kilwa likivuta maboti limekula chumvi, nayo hujificha pale chesisi inapojikunja juu ya ekseli ya nyuma. Gonga hapo. Chuma kizima hulia, kilichooza kinatoa sauti ya debe.

Kulabu ifungwe kwenye chesisi kwa bolti zenye alama 8.8 au zaidi, kamwe isiwe kwenye bampa, pamoja na mnyororo wa akiba. Watengenezaji wengi huruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki. Tela lako la kilo 1,700 lazima liwe na breki zake, hata likivutwa na 79.

Mzigo nao una mpango wake. Mkono wa tela uikandamize kulabu kwa asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote, kwetu hapa kilo 120 hadi 170. Ukiwa mwepesi, tela litacheza kushoto na kulia ukishika lami, na gari litalifuata. Kupima ni rahisi, mizani iko hapo hapo ghalani kwa chama cha ushirika, AMCOS: egesha tela lenye mzigo mahali tambarare, zuia matairi kwa mawe, kata gogo lenye urefu wa kuufikisha mkono kimo cha kulabu, lisimamishe juu ya mizani, ulaze mkono wa tela juu yake. Ikisoma chini ya 120, toa gunia moja la nyuma ulipeleke mbele ya ekseli, upime tena.