Hanna HI772 na HI736: pima kwa hivi viwili kabla hujagusa kitu kwenye tangi la matumbawe

Acropora (matumbawe magumu yenye matawi) ikianza kumenyuka kuanzia shinani, au ncha zake zikaungua na kubaki mifupa mitupu, wenye matangi wengi hukimbilia chupa za dawa, taa mpya au kubadilisha nusu ya maji kwa mkupuo. Mara nyingi hatua hizo ndizo zinazomaliza kilichobaki. Vifaa viwili vidogo vya kampuni ya Hanna, HI772 cha alkalini na HI736 cha fosforasi, hugharimu kidogo kuliko tawi moja au mawili ya matumbawe mazuri, na hutoa majibu ambayo macho hayawezi kutoa. Tunavipendekeza vyote viwili, ila kila kimoja kina mipaka ambayo mnunuzi lazima aijue.

HI772 husoma alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) ya maji ya bahari kwa dKH, yaani digrii za Kijerumani, kuanzia 0 hadi 20. Unajaza kichupa cha kioo maji ya tangi mpaka alama ya ml 10, unakifunga, unakifuta, unakitia kwenye kifaa na kubonyeza kitufe ili kisome maji yenyewe kwanza. Unakitoa, unaongeza ml 1 ya kitendanishi (dawa ya kupimia) kwa bomba la sindano, unakipindua juu chini mara 5 polepole, unakirudisha na kubonyeza tena. Namba inatokea hapo hapo. Maji hugeuka rangi kati ya manjano na buluu ya kijani, lakini si kazi yako kuamua rangi gani ni ipi. Hapo ndipo kinapovipita vipimo vya matone, ambavyo watu wawili wakivitazama chini ya taa ya buluu ya tangi watabishana kama rangi imeshageuka au bado.

Sasa usahihi wake. Kiwanda kinataja kosa la dKH 0.3 kujumlisha asilimia 5 ya namba iliyosomwa. Ukisoma 8.0, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 7.3 na 8.7. Anayetaka kujua kama tangi lake lina 8.0 au 8.3 kamili amenunua kifaa kisichomfaa. Lakini ukitumia kichupa kile kile, chupa ile ile ya kitendanishi na mkono ule ule, tofauti ya jana na leo inaaminika zaidi kuliko namba yenyewe, na matumbawe yanayodhoofika huchunguzwa kwa tofauti hiyo.

Makosa mengi hutoka kwenye mikono ya mpimaji. Kiputo cha hewa ndani ya sindano kikikupa ml 0.9 badala ya 1, asidi iliyomo kwenye kitendanishi inapungua na kifaa kinasoma juu kuliko ukweli. Maji yakiwa chini ya alama ya ml 10, kinasoma chini. Alama za vidole, tone la maji nje ya kichupa na mikwaruzo hubadilisha namba pia. Tia kalamu alama ndogo kwenye kichupa ili kiingie kikiwa kimeelekea upande ule ule mara zote mbili, na usitumie kichupa kimoja kwa maji yasiyo na kitendanishi na kingine kwa kipimo. Baada ya kupima, suuza kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando hadi kuwa safi), maana mabaki ya asidi huharibu kipimo cha kesho.

Kabla ya kuamini chochote, hakikisha chumvi kwanza. Refraktomita irekebishwe kwa kimiminika cha 35 ppt (gramu za chumvi kwa kila elfu), kwa sababu kurekebisha kwa maji yasiyo na chumvi peke yake kunaweza kuacha kosa kubwa kwenye kiwango cha bahari. Chumvi ikishuka hadi 31, alkalini, kalsiamu na magnesiamu hushuka pamoja nayo, nawe utatibu ugonjwa ambao haupo.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kuchukua alkalini na kalsiamu majini, kwa hiyo kasi ya alkalini kushuka hukuonyesha yanakua kiasi gani. Simamisha nyongeza zote za alkalini na kalsiamu kwa saa 24, pima saa ile ile siku mbili mfululizo. Tuseme tangi la lita 200 limetoka 8.3 likafika 7.7. Matumizi ni 0.6 kwa siku. Gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu hupandisha lita 100 kwa dKH 1, basi tangi hilo linahitaji gramu 3.6 kila siku, zilizoyeyushwa kwenye kikombe cha maji ya RO na kumiminwa kidogo kidogo mahali penye mkondo mkali. Kalsiamu hushuka kwa takriban ppm 7 (sehemu kwa milioni) kwa kila dKH 1, yaani hapa karibu 4 tu kwa siku. Ndiyo maana alkalini hupimwa kila siku na kalsiamu mara moja kwa wiki yatosha. (Baikaboneti iwe ile safi ya kupikia. Poda ya kuokea keki ina vitu vingine, na magadi ya sokoni si safi, yasiingie tangini kabisa.)

Na hapa ndipo wengi hupoteza matumbawe yao. Yakianza kuugua, kwa sababu yoyote ile, huacha kukua, na yakiacha kukua huacha kutumia alkalini. Pampu ya nyongeza haijui hilo. Tangi letu la mfano likitumia 0.3 badala ya 0.6 huku gramu 3.6 zikiendelea kuingia, alkalini hupanda 0.3 kila siku, na ndani ya siku 10 imetoka 8 imefika 11. Ncha zinaungua, mwenye tangi anasema amepatwa na ugonjwa wa pili. Ukiona namba inapanda na wewe hujabadilisha kitu, punguza nyongeza nusu siku hiyo hiyo, kisha tafuta kilichoyagusa matumbawe. Iache ishuke yenyewe, na ukilazimika kupandisha usizidi 0.5 hadi 1 kwa siku. Lengo la 7 hadi 9 linatosha matangi mengi. Bahari yenyewe iko karibu na 7. Angalia pia chumvi unayochanganya: ziko za dKH 8 na ziko za 11 au 12, na tangi lililozoea 7.5 likibadilishiwa maji mengi ya 12 hupata mshtuko.

HI736 kina kazi ngumu zaidi. Hupima fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), kuanzia 0 hadi 200. Zidisha kwa 3.066 kisha gawanya kwa 1,000 upate fosfeti kwa ppm: 15 ni 0.046, na 65 ni takriban 0.20. Maji ni ml 10 vile vile, kitendanishi ni unga wa paketi. Umimine wote, gongagonga karatasi, kwa sababu unga uliobaki kwenye pembe hushusha namba. Tikisa taratibu dakika 2, subiri hesabu ya kifaa ya dakika 3, na angalia viputo visigande kwenye kioo. Ni kipimo cha kuchosha na hakuna njia ya mkato.

Kosa lake ni ppb 5 kujumlisha asilimia 5. Kwa hiyo kusoma 3 hakuna maana ya 3. Kunamaanisha fosfeti ni kidogo mno, basi. Hali hiyo ikikutana na naitreti 0 na alkalini ya 10 au 11, umepata maelezo ya matumbawe yaliyopauka na ncha kuungua: yanasukumwa kujenga mifupa bila chakula. Toa chembe za oksidi ya chuma zinazofyonza fosfeti, ongeza chakula cha samaki, ishushe alkalini kuelekea 8 na uiache hapo. Lenga fosfeti ppm 0.03 hadi 0.1 na naitreti ppm 2 hadi 10. Upande wa pili, kusoma ppb 65 na kuendelea huja na matumbawe ya kahawia na mwani juu ya mawe. Hapo tumia nusu ya kipimo cha chembe kilichoandikwa kwenye pakiti, upime tena baada ya siku 3. Mawe huhifadhi fosfeti na kuirudisha majini, hivyo namba ikishuka leo na kupanda keshokutwa, kifaa hakijaharibika.

Yako mambo ambayo vifaa hivi havitaona. Namba zote zikiwa shwari siku 14 na matumbawe bado yanamenyuka, chovya tawi moja kwenye dawa ya kuogeshea na utazame chini ya beseni kwa tochi: minyoo bapa ya Acropora huacha alama za mviringo za kung'atwa, na konokono uchi wa Montipora (aina nyingine ya matumbawe magumu) hujificha upande wa chini. Angalia pia kama taa za LED ziliongezwa ghafla, kama kuna sumaku ya pampu iliyopasuka na kutoa kutu, na kama TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka) ya maji ya RO/DI, yaani RO yaliyosafishwa zaidi, ni 0.

Wakati wa kununua soma namba ya modeli mara mbili. HI775 ni ya maji baridi, HI755 ni ya bahari lakini husoma ppm, na 8 dKH huonekana humo kama 143. HI713 ya fosfeti ina kosa la ppm 0.04, kubwa mno kwa lengo la 0.03. Kipimo cha kalsiamu, HI758, hatukipendekezi: hutumia ml 0.1 tu ya maji ya tangi, kosa lake ni asilimia 6, na kwenye ppm 420 hiyo ni 25 juu au chini. Kipimo cha matone cha Salifert kinatosha kwa kalsiamu na magnesiamu.

Chupa moja ya kitendanishi cha HI772 ni vipimo 25. Pima kila siku wakati wa shida, kisha mara mbili kwa wiki; kwa mara mbili kwa wiki tu chupa hukaa kama miezi mitatu. Ukiagiza kutoka nje kwenda Dar es Salaam au Nairobi, muulize muuzaji tarehe ya mwisho ya matumizi kabla hujalipa, na agiza chupa mbili kwa pamoja. Ya pili ifunguliwe ya kwanza ikibakisha vipimo vichache, upime maji yale yale kwa zote mbili ili ujue zinatofautiana kiasi gani.