Zawadi ya mkono: mshumaa au skafu ya kufuma?

Kwa upande wa muda, mshumaa hauna mpinzani. Unayeyusha nta kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto (kamwe si juu ya moto wenyewe, nta hushika moto), unamimina kwenye vikombe vya zamani, na jioni moja umepata mishumaa 5 au 6. Skafu moja inaweza kukumalizia wiki 2. Tena ukiruka kitanzi mstari wa 3, utakigundua ukiwa mstari wa 40. Ndiyo, nimeshafumua.

Gharama zinakaribiana, ila sindano za kufumia zinabaki kwako.

Utunzaji ndio wenye mambo. Sufu ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, hujikaza na kugandamana. Skafu ya mtu mzima inageuka ya mtoto. Uzi wa pamba hausumbui hivyo. Mshumaa nao unataka utambi upunguzwe ubaki kama milimita 6 kabla ya kuwashwa, la sivyo unatoa masizi.

Una marafiki wengi na wikendi moja tu? Mimina nta. Zawadi ni ya mama, na siku bado zipo? Shika sindano. Ila mwenye mtoto anayeshikashika kila kitu, mimi singempa mshumaa.